Pikapu ya Marehemu Serge

Kila siku Orly alipotoka shule alivua sare, akala kile alichoachiwa chini ya sahani, kisha akaenda moja kwa moja kuitazama pikapu. Haikuwa mbali. Ilikuwa katikati ya ua wao pale mtaa wa Saio, mjini Bunia, imeinuliwa juu ya matofali, mahali ambapo watu wengine wangepanda mboga au wangeanika nguo. Mama yake, Elisabeth, alikuwa akiizunguka na beseni la maji kichwani huku akinung'unika, "Wenzetu beko na bustani, siye tuko na chuma."

Alikuwa na haki ya kunung'unika. Pikapu hiyo ilikuwa ya Serge, mdogo wake Baudouin, baba yake Orly. Zamani Serge aliitumia kubeba maharagwe na maziwa kutoka upande wa Gety mpaka Bunia. Vita vikaja, vikamchukua Serge. Vilipopungua (sisemi vilipokwisha, maana sisi wa Ituri tumejifunza kulichunga neno hilo), pikapu ilikutwa nyuma ya nyumba iliyoungua. Haikuwa na magurudumu wala viti wala taa, na kuku walikuwa wametaga ndani ya injini. Baudouin aliazima trekta, akaivuta mpaka nyumbani. Saio yote ilicheka.

Baudouin hakuwa fundi. Alikuwa muuguzi katika kituo kidogo cha afya, na hakutaka kuiuza ile gari wala kujipatia sifa. Aliitengeneza jioni na Jumamosi kwa sababu ilikuwa ndiyo raha yake. Au niseme ilimpunguzia huzuni, kwa kuwa raha ilikuwa haba katika nyumba ile. Majirani wakipita walimtania, "Papa Orly, ndege yako itaruka lini?" Naye, bila kuinua kichwa, alijibu, "Panda mapema, viti vinaisha."

Msaidizi wake alikuwa Orly, msichana wa darasa la sita. Mdogo wake, Osée, alipenda mpira tu. Orly alizijua spana kwa namba zake, alijua kupandisha gari kwa kriki, na kucha zake zilikuwa nyeusi hata siku ya Misa. Baba yake alimsifu mara chache mno, kama mvua ya Januari. Alipomsifu, alisema neno moja tu, "Fundi," na Orly alitembea na neno hilo juma zima.

Mwaka ule injini iliwaka. Moshi mweusi ukajaa uani, Osée akapiga kelele, na Koko akatoka ndani akijishikilia kwenye ukuta. Koko ndivyo tunavyomwita bibi. Huyu aliitwa Emerance, mama yao Baudouin na Serge, na alikuwa ameishi Saio tangu siku walipokimbia kijiji chao. Aliisikiliza injini mpaka ilipozimwa.

"Sasa tutaenda kumaliza matanga," alisema.

Nieleze kwa asiyejua. Watu wasio ndugu zake ndio waliomzika Serge, kwa haraka, karibu na Gety. Hakukuwa na sala, hakukuwa na msalaba, na mama yake hakuwapo. Kwetu, matanga yasiyomalizwa hukaa ndani ya nyumba. Watu wanakula, wanafanya kazi, watoto wanazaliwa, lakini hakuna anayecheka mpaka mwisho. Koko alitaka jambo moja kabla ya kufa kwake: kupeleka msalaba wa saruji kwenye kaburi la mwanawe, na kuupeleka kwa pikapu yake mwenyewe Serge. Barabara ya kwenda huko ilikuwa imefunguliwa kwa muda, na hakuna aliyejua itafungwa tena lini. Wakapanga kwenda Jumamosi.

Kazi iliyobaki ilikuwa breki. Breki za gari husukumwa na mafuta yake maalumu yanayopita katika mabomba membamba. Mafuta hayo yalikuwa adimu Bunia wakati huo. Chupa waliyokuwa nayo ililetwa kutoka Butembo na Papa Katsuva, jirani yao mfanyabiashara, mara ya mwisho alipoweza kupita. Baada ya hapo njia ya Beni ikawa mbaya, malori yakakatika.

Jumatano, baba na binti walishughulikia magurudumu ya mbele. Orly alikaa kwenye usukani akikanyaga pedali, na baba yake alikuwa chini akifungua skrubu ili hewa itoke kwenye mabomba. Hawakuwa wamefika nyuma pale mtu alipokuja mbio kumwita Baudouin. Mwanamke alikuwa akijifungua vibaya kule kituoni.

"Hapana gusa kitu," Baudouin alimwambia Orly huku akinawa mikono. "Magurudumu ya nyuma tutafanya nikirudi. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

Alisikia, lakini alikaa pale. Boneti ilikuwa wazi, na kile kikopo ambamo mafuta ya breki hutiwa kilikuwa kimepungua. Akafikiri: nikikijaza, Papa akirudi atakuta kazi imesogea, ataniita fundi. Akafungua chupa, akaitua juu ya madigadi, lile bati la juu ya gurudumu, ili afungue kifuniko cha kikopo. Kifuniko kilikuwa kigumu. Akakivuta kwa nguvu, kikaachia ghafla, kiwiko chake kikagonga chupa.

Mafuta yakatiririka juu ya rangi ya buluu ambayo baba yake alikuwa ameipaka kwa mkono wake, yakaingia ardhini. Orly akaikamata chupa, lakini ardhi ya Saio ni kavu, haikatai kitu. Kilichobaki ndani hakikujaza hata kikombe.

"Mama yangu wee!" alisema peke yake. Alifuta madigadi kwa kitambaa mpaka ikang'aa. Akakwangua udongo ulioloa, akautupa nyuma ya choo. Kisha akasimama na chupa mkononi. Chupa hiyo haikuwa na mwenzake mji mzima. Jumamosi ilikuwa karibu. Koko alikuwa ameshaanza kukunja nguo zake.

Hapo akamkumbuka Gustave. Gustave alikuwa dereva wa gari la abiria lililopakia karibu na soko la Shari, mtu wa makelele na vicheko. Siku moja Orly alimwona akitia maji ya sabuni kwenye kikopo cha breki. Watu walimuuliza kama gari itasimama. "Ee! Inafunga muzuri kabisa," Gustave alisema. "Mafuta ikikosa, sabuni iko." Akapanda, akaondoka, na kweli gari ilisimama mbele ya bariyeri, kile kizuizi cha askari, kama kawaida. Madereva wa kwetu wakikwama njiani hufanya hivyo ili wafike nyumbani. Ila Orly hakujua sehemu hiyo ya kufika nyumbani. Alijua sabuni iko.

Akachukua kipande cha sabuni ya mawese kilichokuwa kwenye beseni la vyombo, akakikoroga ndani ya maji. Maji yakawa ya njano njano, mazito kidogo. Akayamimina ndani ya chupa, yakachanganyika na mafuta yaliyobaki. Akaifunga, akairudisha mahali pake.

Baudouin alirudi jua likishuka, uso umemwanguka. Mtoto alikuwa amekufa, mama alikuwa amepona. Aliingia chini ya gari kama mtu anayeingia kitandani.

"Leta chupa."

Orly akaleta. Baba yake akaimimina kwenye kikopo bila kuiangalia sana.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Nimeshikilia."

Orly alimsikia akiguna kutoka chini ya gari. "Mm. Hewa bado iko mingi huku nyuma. Povu tupu. Kanyaga tena." Naye akakanyaga tena, na tena, akijua kabisa povu lile ni la nini. Kwa mguu wake mwenyewe alikuwa akiyasukuma maji ya sabuni ndani ya mabomba. Mara kadhaa alifungua mdomo. Lakini baba yake alikuwa amechoka sana, na yeye akajiambia atasema kesho.

Pikapu ikashushwa, ikaendeshwa mpaka langoni na kurudi. Breki zikashika. Baudouin alitikisa kichwa kwa kuridhika, na Orly akapumua. Gustave alisema kweli, alifikiri.

Asubuhi ya Alhamisi rangi ya madigadi ilikuwa imejikunja na kuvimba kama ngozi iliyoungua. Mafuta ya breki hula rangi. Orly hakuwa amelijua hilo. Baudouin aliikwaruza kwa ukucha, ikatoka vipande vipande mkononi.

"Nimeharibu," alisema polepole. "Sikusafisha chuma vizuri. Mukono yangu hii haifae tena kitu." Akaitazama mikono yake, ile ile iliyompokea mtoto aliyekufa jana yake. Kisha akachukua msasa, akaanza kuisugua ile madigadi yote upya kabla ya kwenda kazini.

Orly alikuwa amesimama na mkoba wa shule begani. Ilikuwa nafasi ya kusema, tena nafasi nzuri. Baba yake hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni tu. Lakini nani hajui kwamba jana ukificha kitu kidogo, leo kinakuwa kikubwa? Kusema kuhusu rangi kulikuwa kusema kuhusu chupa, na kusema kuhusu chupa kulikuwa kusema kuhusu sabuni. Akaenda shule. Siku nzima hakusikia hata neno moja la mwalimu.

Ijumaa jioni walikuwa wakila ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, pale Baudouin alipoingia, koti lake la kazi lina damu. Elisabeth akasimama.

"Si yangu," akasema. "Ni ya Joséphine, muke ya Katsuva. Gari ya Gustave imeanguka kwenye muteremko. Joséphine amevunjika mguu, mara mbili. Wengine wameumia. Muzee mumoja wa Gety amekufa."

"Yesu!" Elisabeth alishika kinywa. "Ilikuwa mwendo?"

"Mwendo gani? Alikuwa anashuka pole pole. Breki ilikatika." Baudouin alikaa, akasukuma sahani pembeni. "Alitia maji ya sabuni. Njo tabia yao. Kwa njia ya tambarare, inakubali. Lakini ukishuka mulima, breki zinapata moto. Maji yakipata moto yanafanya nini, Osée?"

"Yanachemka, Papa."

"Yanachemka, yanakuwa mvuke. Unakanyaga pedali, inaenda mpaka chini, hakuna kitu. Unabaki na Mungu wako tu." Akamgeukia Elisabeth. "Njo maana nilimusumbua Katsuva sana kwa ile chupa. Mi siwezi kupakia mama yangu juu ya maji ya sabuni."

Orly alilirudisha tonge kwenye sahani. Elisabeth alimuuliza ana nini, akasema pilipili. Hakukuwa na pilipili. Akaenda kulala mapema, akajifunika shuka mpaka kichwani. Aliogopa, enyi watoto mnaonisikiliza, aliogopa kweli. Aliiona pedali ikishuka. Alimwona Koko. Akaomba mvua inyeshe, akaomba barabara ifungwe, akaomba hata askari waizuie gari pale bariyeri. Kila msaada aliuomba, isipokuwa ule uliokuwa ndani ya kinywa chake mwenyewe.

Jumamosi hakukunyesha. Jua lilitoka safi kabisa, na ua ukajaa watu. Msalaba wa saruji, wenye jina la Serge, ulilazwa nyuma ya pikapu juu ya majani ya migomba. Kina mama walikuwa wamepika tangu alfajiri. Katekista alikuja na kitabu chake cha sala. Hata Katsuva alikuja, ingawa mke wake alikuwa amelazwa. Macho yake yalikuwa mekundu.

Sasa sikilizeni desturi yetu. Mtu haendi kumaliza matanga akiwa na neno moyoni. Kabla ya safari, wote husimama, na mwenye neno hulitoa mbele ya watu. Neno lililotolewa siku hiyo halipigiwi kelele wala fimbo. Lakini neno lililofichwa, wazee husema, linapanda gari pamoja nanyi.

"Mwenye neno atoe," katekista alisema.

Elisabeth alianza. "Mi nililaani hii chuma. Nilisema heri iliwe na kutu. Serge anisamehe." Watu wakacheka kidogo. Shangazi mmoja akataja ugomvi aliouweka moyoni kwa sababu ya kuku. Kisha Koko akainua mkono.

"Baudouin," alisema. "Weye ni mukubwa. Siku ile ya kukimbia, mulikuwa wawili, ukafika peke yako. Miaka hii yote ninakula chakula chako, na ndani ya roho ninasema: huyu alimuacha ndugu yake. Sikusema hata siku moja. Ninajua haukumuacha. Ninajua mulipotezana. Lakini niliiweka ndani, na ninaitoa leo. Mwanangu, nisamehe."

Baudouin alisogea karibu na mama yake. Orly hakuwahi kumwona baba yake akilia, na sasa alilia mbele ya mtaa mzima, kamasi zikimtoka kama mtoto. Alimkumbatia mama yake. "Mi mwenyewe ninajisema hivyo kila siku, Mama," alisema. "Kila siku."

"Kuna mwingine?" katekista aliuliza kwa sauti ya chini.

Orly aliyatazama magurudumu. Angewezaje kuuvunja mwanzo huu mzuri, leo, sasa? Akanyamaza. Katekista akasali, watu wakaitikia Amina. Koko akanyanyuliwa, akaketishwa mbele. Baudouin akawasha injini, ikanguruma vizuri, watu wakapiga vigelegele.

Koko akachungulia dirishani. Uso wake ulikuwa mwepesi. "Orly! Kuja. Weye ndiye fundi, ukae hapa karibu yangu."

Hapo ndipo miguu ya Orly ilipoondoka. Haikwenda mlangoni. Ilikwenda mbele ya pikapu, akaweka mikono yote miwili juu ya boneti, akasimama hapo.

"Toka mbele ya gari!" Elisabeth alipiga kelele.

"Papa, zima," Orly alisema. "Zima moto, Papa, ninakuomba."

Baudouin akazima.

"Ndani ya breki ni maji ya sabuni. Nilimwaga mafuta. Nilimwaga Jumatano. Nikatia sabuni ndani ya chupa, na weye ukatia kwenye gari, na mi nilikanyaga, na nilijua." Akaonyesha madigadi kwa kidole. "Na rangi, Papa, si mukono yako. Ni mafuta yaliyomwagika. Ni mimi."

Baudouin aliteremka. Akafungua boneti, akafungua kikopo, akachovya kidole, akanusa. Kila mtu alikuwa akimwangalia. Akanusa tena, kana kwamba hakutaka kuamini.

"Sabuni," akasema.

Elisabeth alimrukia binti yake, mkono juu. "Weye mutoto! Ulitaka kutuua? Ulitaka kutuua siye wote?" Katsuva alikuwa amegeuza uso ukutani. Mke wake alikuwa amelala hospitali kwa kitu kile kile.

"Mama Orly, shusha mukono," Koko alisema kutoka ndani ya gari. "Ametoa neno."

"Amelitoa sala imeshakwisha!"

"Gari haijatoka lango. Ametoa."

Mkono ukashuka. Lakini msidhani watu walishangilia. Hakuna aliyemsifu Orly siku ile. Msalaba ulishushwa na kuegemezwa ukutani. Chakula kilichopikwa kwa ajili ya safari kililiwa palepale, watu wakitafuna bila kuzungumza, kisha wakaondoka mmoja mmoja. Koko aliomba asaidiwe kuteremka. Aliingia chumbani na nguo zake zilizokunjwa, akafunga mlango.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Baudouin hakumpiga Orly na hakumkemea. Alimwambia tu, "Vaa nguo ya kazi." Wakafungua breki zote. Mipira midogo iliyokuwa ndani wakaitoa na kuitupa, maana haikufaa kuaminiwa tena. Mabomba wakayasafisha kwa spiriti, wakayapuliza mpaka yakakauka. Orly alifanya kazi hiyo kila alipotoka shule, vidole vikipasuka, na baba yake pembeni akitoa maagizo mafupi. "Shika hapa. Futa. Tena." Neno fundi halikusikika. Kimya kile kilimuuma Orly kuliko fimbo.

Katsuva ndiye aliyetafuta mafuta mengine na mipira mipya. Vilichelewa. Vilizungukia Uganda, vikaingia kwa njia ya Mahagi, vikakwama huko kwa sababu ya mvua. Wakati wa kungoja, Koko alishikwa na homa. Alikohoa usiku na mchana, akakonda, na Baudouin alikuwa akimchoma sindano mwenyewe. Orly alikaa mlangoni pa chumba chake akiwaza: akifa kabla ya kuona kaburi la mwanawe, ni mimi niliyemnyima. Hilo lilikuwa kweli, na hakuna mtu mzima aliyejaribu kumdanganya kwamba si kweli.

Siku moja Orly alikwenda hospitali na mama yake kumpelekea Joséphine uji. Mguu wake ulikuwa umefungwa kwa plasta mpaka nyonga. Joséphine alimtazama.

"Gustave alijua, sawasawa na weye," alisema. "Alijua nini iko ndani ya breki. Akatuambia pandeni, akatuchekesha njia yote. Angelisema neno moja tu, mi ningelishuka na magunia yangu." Akapokea uji, akageukia ukuta.

Koko alipona, kwa neema ya Mungu na kwa sindano za mwanawe. Chupa ilifika. Baudouin aliifungua, kisha akafanya kitu ambacho Orly hakukitegemea. Akamkabidhi.

"Tia weye."

Orly aliishika chupa kwa mikono miwili. "Nitamwaga, Papa."

"Ukimwaga, utaniambia."

Akatia. Tone moja lilianguka pembeni. "Papa, moja imeanguka," alisema haraka. Baudouin akalifuta kwa kitambaa, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi pembe za mdomo wake zikasogea kidogo.

Barabara ilipotulia tena, walikwenda. Safari hii watu hawakuwa wengi. Baada ya kijiji cha Bogoro njia inapanda na kushuka, na kando yake kuna nyumba ambazo hazijapata paa tangu vita. Kwenye mteremko mrefu Baudouin alitia gia ndogo, akakanyaga breki, akaachia, akakanyaga tena. Pikapu ilishuka kwa utulivu mpaka chini, na ikasimama pale alipotaka isimame.

Baudouin alishuka, akamwita Orly nyuma ya gari. "Sogeza mukono karibu na gurudumu. Usiguse."

Orly akasogeza mkono. Joto lilimpiga kiganjani kama linavyotoka jikoni, akaurudisha haraka.

"Umesikia moto? Ile maji yako ingechemka hapa. Pale juu kidogo." Baudouin alionyesha kona waliyotoka, ambayo upande wake mmoja ulikuwa bonde tupu. Orly aliangalia, akaanza kulia.

Baba yake alichutama mbele yake. Alizungumza polepole, kama alivyozungumza na wagonjwa wake.

"Sikiliza, Orly. Mi sina kesi na weye juu ya mafuta. Mafuta inamwagika, hata mi nimemwaga dawa kituoni, dawa ya watu. Kesi yangu ni ile ya kuniacha nipakie mama yangu juu ya kitu unachokijua weye na mi sikijui. Wazee wanasema, mficha maradhi, kilio kitamfichua. Mi ninaliona neno hilo kila siku kazini. Mama anaficha kidonda cha mutoto kwa haya, ananiletea mutoto kidonda kimeshaoza. Ungesema Jumatano, ningekasirika usiku mumoja. Ukasema Jumamosi, ikatuchukua majuma, Koko karibu atuache. Kama usingesema kabisa..." Hakumaliza. Alimfuta binti yake machozi kwa kidole gumba chenye grisi, akamwachia doa jeusi shavuni. "Kosa ni kama jeraha. Lionyeshe likiwa bichi. Litauma, lakini litapona."

"Ndiyo, Papa."

"Leo tunaenda kulia kilio kimoja tu. Shukuru Mungu ni kimoja."

Wakapanda. Mchana walifika. Wanaume wa kijiji walichimba shimo dogo, wakausimamisha msalaba, wakalijaza shimo udongo na kuushindilia. Koko alipiga magoti, akaweka mikono yote miwili juu ya kaburi la Serge, akalia kwa sauti kubwa, kilio alichokuwa amekibeba tangu vita. Walimwacha alie mpaka alipochoka. Kisha akanyoosha mkono bila kugeuka ili asaidiwe kuinuka, na aliyeushika alikuwa Orly.